Kuangalia vyura kwenye kidimbwi cha nyumbani: mi nafanya hivi

Niko Jinja, kidimbwi changu kiko nyuma ya nyumba, mita tatu kwa mbili hivi, huu mwaka wa sita. Naandika hatua zangu kwa sababu watu wengi hukimbilia kumulika tochi usiku wa kwanza, hawaoni kitu, wanasema vyura hawapo. Wapo. Vyura unawajua kwa sikio kwanza, macho yanafuata.

Hatua ya 1: Kidimbwi kiwe cha vyura, sio cha samaki

Hapa nilikosea mwaka wa kwanza. Niliweka ngege kumi, wakala mayai yote, msimu mzima wa mvua sikuona hata kichura kimoja. Chagua moja.

Chimba upande mmoja ufike kina cha nusu mita, upande wa pili ushuke polepole kama ufukwe, manake kichura kikishaota miguu ya mbele kinaanza kupumua hewa, na kikikosa pa kupandia kinakufa maji. Chini tandika kaveera, yaani plastiki, nyeusi nzito ya wajenzi. Maji ya mvua ndo mazuri, ya bomba yana klorini kwa hiyo yaache kwenye pipa wazi siku mbili kwanza. Pembeni panda matete, mafunjo kidogo, mayuni (magimbi). Gugumaji usilete hata kama maua yake yanakuvutia, sisi watu wa ziwani tumeona lilivyoziba fukwe na bandari. Kama una watoto wadogo nyumbani weka uzio kabla ya maji, hilo halina mjadala.

Na tafadhali usibebe vyura kutoka kinamasi kingine. Kuna ugonjwa wa fangasi wa ngozi uliomaliza vyura sehemu nyingi za dunia, unasafiri na maji, na matope, na vyura wenyewe. Subiri mvua ya Machi au ya Septemba, watakuja kwa miguu yao.

Hatua ya 2: Jua viluwiluwi vyako

Kiswahili chetu kinachanganya hapa, mtoto wa chura anaitwa kiluwiluwi na mtoto wa mbu pia anaitwa kiluwiluwi, ndo maana jirani yangu alikuja analalamika kwamba nafuga malaria, na mi sikumlaumu, malaria hapa Uganda si kitu cha kuchezea. Nilichukua bakuli jeupe, nikachota maji pembeni kwenye majani, tukaangalia pamoja.

Wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia, anakaa chini akikwangua ukungu wa kijani kwenye mawe. Wa mbu ni mwembamba kama kipande cha uzi, anakaa juu anapumua, ukimpitishia kivuli cha mkono anajinyonganyonga kwenda chini. Sasa angalia vizuri anavyokaa: akining'inia kichwa chini, huyo ni wa mbu wa kawaida, na akilala sambamba na uso wa maji, huyo ndo anofelesi, anayeleta malaria.

Sisemi kidimbwi hakiwezi kuzaa mbu, kinaweza, hasa pembeni ambapo majani yamefunga. Ila anofelesi anapenda zaidi vidimbwi vidogo vya jua visivyo na wa kumla, kama alama za tairi barabarani baada ya mvua. Kwako wakiwepo wadudu wa maji wanaowinda, wengi wanaliwa. Mbu anaweza kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja na kidogo, kwa hiyo mi nachota bakuli kila siku ya nne, nikikuta wa mbu natoa majani yaliyoziba na nawachota kwa chujio la chai. Siku nne, sio wiki mbili. Na chandarua ndani kinabaki palepale.

Hatua ya 3: Kaa, zima kila kitu

Nenda saa moja jioni, giza likiingia, siku mvua imenyesha mchana. Vaa gambuti, nyoka nao wanajua vyura wako wapi. Weka kiti mita mbili kutoka kwenye maji, zima mlio na mwanga wa simu, usipake dawa ya mbu mikononi kama kuna uwezekano utagusa maji, ngozi ya chura inanyonya kila kitu. Bora shati la mikono mirefu.

Ukifika watanyamaza wote. Usiondoke! Dakika kumi, kumi na tano, mmoja anajaribu, wa pili anamjibu, halafu banange, kelele inajaa uwanja mzima. Wanaoita ni madume. Sikiliza mmoja mmoja: mlio wa tone kubwa la maji likidondoka kwenye chupa, pop, kimya, pop, huyo ni Kassina senegalensis, anakaa kwenye nyasi na anatembea badala ya kuruka. Vikengele vidogo vingi kwa pamoja ni vyura wa matete. Mkoromo mzito ni yule mkubwa wa vipele. Kuna mmoja hutamsikia kabisa, Xenopus, anaitia chini ya maji, mtelezi, hana ulimi, chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono.

Hatua ya 4: Sasa tochi

Funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi, mwanga mwekundu unawasumbua kidogo. Fuata sauti moja tu mpaka ufike. Chura wa matete utamkuta kwenye bua juu ya maji, hafiki hata kidole gumba, na akiita kifuko cha koo kinavimba kikubwa kuliko kichwa chake, chembamba mpaka unaona mwanga ukipita. Nimekaa mbele ya mmoja nusu saa nzima, kila akiita bua lote linatikisika.

Yule wa vipele usimshike ovyo, ana sumu nyuma ya macho, ukimgusa nawa, na mbwa asimng'ate.

Hatua ya 5: Rudi asubuhi na mapema

Tafuta mayai. Mkufu mrefu wa shanga nyeusi ndani ya ute ni wa vyura wa vipele, ya wengine yanakaa mafungu au yamebandikwa kwenye majani. Kwenye mabua tafuta ganda kavu la kahawia lenye miguu sita na mpasuko mgongoni, kereng'ende ametoka humo usiku. Akiwa bado majini alikula viluwiluwi vya mbu, na vya chura pia, mwache.

Ukibahatika utamkuta fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anatikisa mguu kwenye tope kuwafukuza wale Xenopus, ndo chakula chake kikubwa. Usimfukuze. Kaa ndani, mwangalie dirishani.

Hatua ya 6: Daftari

Tarehe, mvua ilinyesha au la, nani aliita, saa ngapi alianza. Mistari miwili inatosha. Usiku usiosikia kitu andika pia, na sauti usiyoijua irekodi kwenye simu, uilinganishe na ya mvua ijayo.