Wakili wako Uingereza amekuangusha? Lalamika, ila usianzie mtandaoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwogopa. Nimekulia Muheza, na kule kwetu wakili ni "wakili msomi", unampisha njia hata kama umri wake ni wa mdogo wako. Basi nilipokuwa nanunua flati hapa Leicester, nikampata solisita, yaani wakili wa hapa anayeshughulikia hati na mikataba, aliyekaa wiki saba bila kujibu barua pepe hata moja, na mimi kila nikimwandikia naanza na "samahani kwa usumbufu". Pesa natoa mimi, samahani naomba mimi.

Katika wiki hizo saba ahadi ya mkopo kutoka benki ikaisha muda. Nikaomba upya, riba imeshapanda. Tofauti ni pauni 61 kila mwezi.

Usiku nilipopata habari hiyo nilirekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne kwa ajili ya grupu letu la WhatsApp, lenye watu mia na themanini na ushee. Nilimwita mwizi, tapeli, na jina la mnyama ambalo silirudii hapa. Mume wangu akaninyang'anya simu kabla sijatuma. Nilimnunia siku mbili. Baadaye nilisoma kesi moja ya mwaka 2021, nikampikia pilau.

Kesi yenyewe: mteja alilipa pauni 200 kwa ushauri wa kisheria, hakuridhika, akaenda Trustpilot, tovuti ya maoni ya wateja, akaandika kwamba kampuni ile ni ya kitapeli. Mahakama Kuu ya London ikaamuru alipe pauni 25,000. Miaka 10 kabla yake, 2011, mahakama hiyohiyo iliamuru tovuti nzima iliyokuwa ikiwaanika mawakili ifungwe, baada ya Law Society, chama cha masolisita, kwenda kushtaki. Hawa watu kushtaki ndiyo kazi yao, hawaogopi gharama kama mimi na wewe.

Sheria ya kashfa ya Uingereza na Wales, ya mwaka 2013, haikuzibi mdomo. Inakulinda ukisema kweli unayoweza kuithibitisha, na inakulinda ukitoa maoni yako ya dhati huku ukionyesha yametokana na nini. "Hakujibu barua pepe zangu tano kati ya tarehe hii na hii" ni jambo lenye ushahidi, barua pepe zipo. "Tapeli" maana yake umemtuhumu uhalifu, na mzigo wa kuuthibitisha ni wako. Na usijidanganye kwamba WhatsApp ni sebuleni kwako: mtu wa tatu akishasikia, umeshatangaza.

Kwa hiyo anza na daftari. Mimi nilichora safu tatu: tarehe, nilichouliza, nilichojibiwa. Safu ya tatu ilikuwa nyeupe kama kanzu ya Idi, na weupe ule ndio ulioniokoa. Tafuta barua ya kwanza waliyokupa ulipowaajiri, ile ya masharti na bei, pamoja na bili zote. Kama huna karatasi, waombe nakala ya taarifa zako; sheria ya ulinzi wa taarifa inawapa kwa kawaida mwezi mmoja, na hulipi.

Kisha lalamika kwao wenyewe kwanza. Hapa wengi wetu huchoka: "nimlalamikie mtu kwa mtu huyohuyo?" Ndiyo, kwa sababu milango mingine haifunguki mpaka hapo upite. Kila kampuni ya masolisita lazima iwe na utaratibu wa malalamiko, iuonyeshe, na hairuhusiwi kukutoza hata senti kwa kuyashughulikia. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa sita, ndani yake mna mama kuumwa na mvua ya siku ile. Niliyotuma ilikuwa nusu ukurasa, nayo ilisema hivi, ila kwa Kiingereza:

"Haya ni malalamiko rasmi. Kati ya tarehe 3 Machi na 21 Aprili niliwaandikia mara tano, sikujibiwa. Ahadi ya mkopo wangu ikaisha tarehe 18 Aprili. Nimepata hasara ya pauni 61 kwa mwezi. Naomba maelezo, kupunguziwa ada, na fidia. Naomba jibu lenu la mwisho ndani ya wiki nane."

Wiki nane si namba ya kubuni. Zikipita bila jibu, au ukijibiwa usiridhike, unaenda Legal Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya mawakili. Ni bure. Ila kuna saa mbili zinazokimbia kwa pamoja: miezi sita tangu jibu lao la mwisho, na mwaka mmoja tangu kosa litokee au tangu ulipopaswa kuligundua. Zamani muda ulikuwa mrefu zaidi, ukapunguzwa Aprili 2023, na bado nasikia watu wakiambiana vibarazani kwamba una miaka sita. Huna. Ombudsman anaweza kuamuru uombwe radhi, urudishiwe ada, ulipwe fidia. Kikomo ni pauni 50,000, lakini usianze kuchagua gari. Mimi, baada ya kusubiri hadi nikasahau, nilipata pauni 700 na nusu ya ada.

Kama jambo lenyewe si uzembe bali pesa zako zimeliwa, au umedanganywa, au umebaguliwa, hiyo ni ya Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia nidhamu ya masolisita. Na kabla ya yote, tazama kwenye rejista yao kama mtu wako ni solisita kweli. Wengi tunaowaita "loya" ni washauri wa uhamiaji, na hao wanasimamiwa na Immigration Advice Authority, jina jipya la OISC tangu Januari 2025. Yule kaka anayejaza fomu za viza nyuma ya kinyozi bila kusajiliwa popote anatenda kosa la jinai. Samahani kaka. Walioko Scotland wana chombo chao, Scottish Legal Complaints Commission.

Sasa maoni ya mtandaoni. Subiri shauri liishe. Ukipewa fidia ya makubaliano soma kabla ya kutia sahihi, huenda kuna sentensi ya kukufunga mdomo. Usimwambie kamwe "nilipe, la sivyo naandika". Hilo linaweza kusomwa kama vitisho vya kutaka pesa. Usiwaombe binamu zako waongeze nyota moja moja. Kampuni itatazama orodha ya wateja, isiwakute, na maoni yako ya kweli yataonekana yamepikwa. Usimtaje karani kwa jina. Usiandike alichokuwa anawaza, hukuwa kichwani mwake. Na kama kesi yako ni ya uhamiaji, usianike namba yake wala hali yako.

Maoni yangu niliyoandika ni haya: "Waliniwakilisha kununua flati. Kwa wiki saba sikujibiwa barua pepe tano, na ahadi yangu ya mkopo ikaisha. Nililalamika, Legal Ombudsman akaamuru nilipwe. Dada wa mapokezi alikuwa mkarimu sana. Kwa maoni yangu walichukua kazi nyingi kuliko uwezo wao, na nisingerudi."

Walijibu siku ya pili kwamba wanasikitika na hawawezi kujadili mambo ya mteja hadharani. Ni kweli hawawezi, wanafungwa na usiri, kwa hiyo usisubiri malumbano.

Mwezi uliopita dada mmoja akauliza grupuni kama kuna anayeifahamu kampuni ileile. Vidole viliniwasha. Nikamtumia kiungo cha maoni yangu, nikazima simu, nikaenda zamu ya usiku.