Rafiki Anatimiza Hamsini na Hataki Sherehe: Fanya Hivi

Kila kundi la marafiki lina mtu mmoja wa kupanga mambo. Kwetu ni mimi, na wala hakuna aliyenichagua. Mwenye daftari na kalamu ndiye hutwishwa. Kwa hiyo shoga yangu alipokaribia hamsini na kutangaza kwamba hataki ukumbi, hataki maiki, wala hataki kusimamishwa mbele za watu mpaka alizwe, macho yote yalinigeukia.

Tulichomfanyia ni vijisafari, kila kimoja cha watu wawili watatu, vikisambazwa kwa miezi kadhaa kuelekea siku yenyewe. Hivi ndivyo vinavyopangwa.

Kwanza, swali. Usimuulize "Unataka tukufanyie nini?" Jibu lake unalijua tayari: "Msijisumbue." Muulize ni kitu gani aliwahi kusema atakifanya, kisha maisha yakaingilia kati. Na muulize mikono yenu ikiwa na kazi, mnakunja nguo au mmesimama kwenye foleni, kwa sababu mtu akikazwa macho na kuulizwa ndoto zake hujibu kama yuko kwenye usaili. Usitoe kalamu palepale. Sikiliza, cheka, badilisha mada, halafu ukifika kwako usiku andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe.

Wangu alinipa vitano bila kujua. Kuogelea: "Mimi maji yakinipita magoti namwona Izraili." Kuendesha baiskeli tena, kitu alichokiacha alipoolewa. Kukesha nje mpaka jua lichomoze bila kuwa kwenye msiba. Kupanda basi analolipanda kila siku na kutoshuka kituo chake, "nijue basi hili linaishia wapi." Na kumpata msichana waliyekaa dawati moja shuleni, ambaye familia yake ilihama ghafla.

Ukishapata orodha, chuja. Chochote kinachohitaji pasipoti, mkopo au ruhusa ndefu ya kazini kiweke kando, si kwa ubaya, ila kitawapotezea hamu kabla hamjaanza. Vipimo vyangu ni viwili: liishe siku hiyohiyo ili alale kitandani kwake (au arudi alfajiri, kama ni kukesha), na liwe na uwezekano kidogo wa kushindikana. Hicho cha pili watu hukisahau. Kumpeleka mtu akae kwenye kiti kizuri mahali pazuri ni kumpumzisha, jambo jema, lakini wiki moja baadaye hana la kusimulia.

Kuhusu muda, anza angali na miaka 49. Adam Alter na Hal Hershfield walichapisha mwaka 2014 utafiti unaoonyesha kwamba watu wenye umri unaoishia na tisa, yaani 29, 39, 49 na 59, huhangaika zaidi kutafuta maana ya maisha. Miongoni mwa waliokimbia marathoni kwa mara ya kwanza, wa umri huo walikuwa wengi kupita matarajio. Wapo wataalamu waliozipinga hesabu zao. Mimi nisemacho ni kwamba mwaka wa 49 mtu anakubali mambo ambayo mwaka wa 47 angekucheka usoni. Utumie.

Siku yenyewe usiijaze. Kuna kichekesho cha kalenda hapa: mtu akitimiza hamsini, siku yake ya kuzaliwa huangukia siku ileile ya wiki aliyozaliwa, au moja kabla yake. Ndani ya miaka 50, tarehe 29 Februari hutokea mara 12 au 13. Zikiwa 13 siku inarudi palepale, zikiwa 12 inapungua moja. Aliyezaliwa Jumamosi tarehe 10 Aprili 1976 anatimiza hamsini Ijumaa, tarehe 10 Aprili 2026. Aliyezaliwa 29 Februari naye hamsini yake haina tarehe kabisa, maana hamsini haigawanyiki kwa nne. Huyo mwambie achague mwenyewe kati ya 28 Februari na 1 Machi, na mpe siku zote mbili kama moyo wako ni mkubwa.

Kwa nini watu wawili watatu na si kundi zima? Kwa sababu kwenye sherehe kubwa mwenye siku yake humwona kila mgeni kwa dakika mbili, na dakika hizo zote anauliza kama umepata pa kukaa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria, katika utafiti uliotoka 2018, kwamba mtu unayemfahamu tu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja nawe ili awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 ili muwe chanda na pete. Saa za kukaa ofisi moja hazikuwa na uzito ule wa saa za kustarehe pamoja. Kwa hiyo ukigawa vijisafari, mpe nafasi pia yule rafiki wa pembeni anayempenda lakini hawajawahi kukaa peke yao.

Sasa maji, maana hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Mtu mzima asiyejua kuogelea hakosi nguvu, anakosa imani. Usimpeleke baharini, ziwani wala mtoni. Mpeleke kwenye bwawa lenye mlinzi, saa ambazo watoto hawapo, na mtafutie mwalimu aliyezoea kufundisha watu wazima. Wewe usimfundishe hata kama unaogelea kama samaki. Rafiki akifundishwa na rafiki mnagombana. Kazi yako ni kuingia majini naye na kusimama kando.

Somo la kwanza lote lilifanyika kwenye maji ya kiunoni. Shoga yangu alishika ukingo kwa mikono miwili, kofia ya kuogelea imemvuta nyusi juu hadi anaonekana mwenye mshangao wa kudumu, na mwalimu akamwambia kitu kimoja tu: tia mdomo majini, puliza. Kisha mdomo na pua. Kisha uso mzima. Hofu kubwa ya mtu mzima ni kubana pumzi; akijua anaweza kutoa pumzi ndani ya maji na kuinuka kuvuta nyingine, nusu ya Izraili ameondoka.

Baadaye ni kuelea chali. Hapa mweleze sababu, kwa kuwa watu wa umri wetu hawataki kuambiwa "jiachie" tu. Mapafu yakijaa hewa, miili ya watu wengi huwa myepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo kifua kitaelea. Miguu ndiyo huzama, kwa kuwa hewa iko kifuani na si mapajani. Akinyoosha mikono nyuma ya kichwa, uzito unasogea upande wa juu na miguu inapanda. Masikio lazima yaingie majini; anayeinua kichwa kuyaokoa anazamisha nyonga. Mwalimu aliweka kiganja chini ya kisogo chake, akawa anahesabu, na alipofika kumi mkono ulikuwa umeshaondoka zamani. "Mbona umeniachia?" alifoka akiwa bado anaelea. Ndipo alipogundua na kuzama papo hapo, akaibuka anakohoa na kucheka. Hatukumpiga picha. Kama tungempiga, angefikiria kofia.

Ikiwa rafiki yako ana shinikizo la damu, matatizo ya moyo, kifafa au sikio bovu, amuone daktari kabla. Muulize waziwazi, usikisie kwa kumtazama.

Kijisafari cha basi ni rahisi na hakihitaji maelezo marefu. Fanyeni mchana. Jueni gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi kabla hamjapanda. Simu zibaki mkobani. Mkifika mwisho, tembeeni angalau nusu saa kabla ya kugeuza, la sivyo mmepanda basi tu.

Kukesha kunataka sababu, kwa kuwa saa nane za usiku usingizi hauna adabu. Sababu yetu ilikuwa nyota. Nuru husafiri kwa muda, na kila nyota unaiona kama ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo inawezekana kutafuta nyota ambayo nuru yake unayoiona leo iliondoka karibu na mwaka uliozaliwa. Kwa hamsini, nyota hiyo ni Castor, iliyo umbali wa takriban miaka 51 ya nuru, yaani nuru yake huchukua miaka hiyo kutufikia. Ni mojawapo ya nyota mbili angavu zinazokaa jirani katika kundi la Mapacha. Mwenzake ni Pollux, mng'avu zaidi kidogo na mwenye rangi ya manjano. Castor ni mweupe. Kuanzia Januari hadi kama Aprili zinaonekana jioni, na mwezi Oktoba mtazisubiri baada ya usiku wa manane. Hamhitaji darubini, mnahitaji mahali pasipo na taa na usiku usio na mbalamwezi, basi angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe.

Nilimwambia shoga yangu kwamba kile anachokiona kama nukta moja wataalamu wamekuta ni nyota sita zinazozungukana. Akanyamaza, akavuta shuka. "Sita? Na hazigombani?"

Kama rafiki yako ana umri mwingine, ipo ya kwake pia: Vega kwa miaka 25, Capella kwa 43 hivi, Aldebaran kwa 65, Regulus kwa 79 au karibu yake. Chukueni nguo nzito kuliko mnavyodhani, kitu cha kulalia chini, na mtu mmoja wa kiume au jirani anayejua mlipo. Muwe mahali mnapopajua usalama wake, hata kama giza lake si zuri sana. Ua la nyumba ya mmoja wenu linatosha taa zikizimwa.

Kumtafuta rafiki aliyepotea ndilo jambo la kupima kwa makini. Usilifanye kwa kumshtukiza mwenye siku yake. Kwanza muulize kama kweli anataka, maana huenda kulikuwa na ugomvi ambao hajawahi kukusimulia. Akikubali, tafuteni pamoja kupitia waliosoma naye, na mkipata namba, aandike yeye, kwa ufupi. Ujumbe wa shoga yangu ulikuwa hivi: "Mimi ndiye tuliyekaa dawati moja darasa la sita. Nimekukumbuka. Usijisumbue kujibu haraka." Hakuna kueleza maisha yote, hakuna "mbona ulinisahau". Aliukalia siku mbili, akiamini atamsumbua mtu. Utafiti ulioongozwa na Peggy Liu na kuchapishwa 2022 ulikuta kwamba anayetuma salamu za namna hii hukisia chini kiasi ambacho mwenzake atafurahi, na salamu zikiwa za kushtukiza ndivyo mpokeaji anavyozithamini zaidi. Nilimsomea hilo, akanijibu, "Sawa mtafiti," akabonyeza.

Jibu lilikuja. Walipokutana nilishauri watembee badala ya kukaa. Watu waliopoteana miaka mingi huzungumza vizuri zaidi wakitazama mbele, na ukimya njiani haumtii mtu aibu. Mimi sikwenda. Wewe pia usiende.

Pesa zizungumzwe mapema na kwa namba. Nauli, kiingilio cha bwawa, malipo ya mwalimu: andika, gawanya kwa wanaoshiriki kijisafari hicho tu, kusanya kabla. Mwenye siku yake halipi, isipokuwa anang'ang'ania, na hapo mwache alipe nauli yake kuliko kubishana naye kituoni. Yule ambaye mambo yake hayajakaa sawa mpe kukesha, ambako hakuna gharama, na umpe bila kumweleza kwa nini. Kundi la simu la watu wote usifungue. Litajaa picha za maua na mipango haitaonekana.

Waliomo nyumbani kwake wajue ratiba. Mume wake alikuwa wa kwanza kuambiwa, na ndiye aliyetuambia kuhusu goti lake la kushoto, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelificha.

Akighairi asubuhi ya safari, kubali mara moja na umpe tarehe nyingine. Akighairi mara ya pili kwa jambo hilohilo, lifute bila maneno. Ndivyo baiskeli ilivyoondoka kwenye orodha yetu: goti lilikuwa kisingizio kizuri, na ukweli ni kwamba hakuitaka kiasi hicho.

Siku yenyewe alituomba jambo moja, tusimpigie simu kabla ya saa nne asubuhi. Jioni tulikwenda kwake wanne, bila mapambo. Aliyekuja na zawadi aliambiwa aiache mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa na daftari langu, sijui alilichukua lini, na alikuwa ameshaanza kumhoji mwenzetu anayetimiza hamsini mwakani, huku wanakunja nguo.