Namna ya kudai ovataimu yako kiwandani Athi River

Kama unashona kwenye viwanda vya EPZ (eneo la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje) pale Athi River, Kenya, anza na daftari dogo la kuingia mfukoni. Mimi nimekaa kwenye mashine ya overloki, kisha nikawa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye laini yetu ya ushonaji. Madai niliyoona yakilipwa ni ya washonaji waliokuwa na maandishi yao wenyewe. Aliyekuja na uchungu mtupu alirudi nao nyumbani.

Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, taageti mliyopewa, yaani idadi ya nguo mnazotakiwa kushona, na piisi mlizotoa. Andika saa uliyotoka kweli, si ile ya kadi. Kuna mtindo unaonikera sana: saa kumi na moja jioni sufuvaiza anawaambia mpige kadi, kisha mrudi laini kumalizia taageti. Kwa hesabu ya mashine ya kadi, wewe umeshakwenda zako. Daftari ndilo litakalosema ulitoka saa moja na nusu usiku. Andika hapo hapo na majina ya wenzako wawili mliotoka pamoja.

Mwisho wa mwezi dai pesilipi, yaani karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mapato na makato yako yote. Tazama kwanza mshahara wa msingi. Tuseme ni shilingi 19,500, na mkataba unasema saa 45 kwa wiki. Hizo ni saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni shilingi 100. Ovataimu ya siku ya kawaida ikiwa mara moja na nusu, saa ni 150. Ya Jumapili au sikukuu ikiwa mara mbili, ni 200. Kama daftari lina saa 20 za siku za kawaida, ulipwe 3,000. Ukikuta 1,800, saa zako nane zimeliwa.

Makato nayo yapitie: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Mstari mwingine wowote usioujua, uliza ni wa nini.

Usiende ofisini peke yako, dada yangu. Tafuteni wote mliokatwa saa zilezile, mwandike barua moja, mtie sahihi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama hamna chama, jazeni Fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, ya Tailors and Textiles Workers Union, chama cha washonaji. Wengi wenu, yaani zaidi ya nusu, mkijiunga, mwajiri anapaswa kukitambua na kukaa nacho mezani. Kujiunga na chama si sababu halali ya kufukuzwa. Na ukiitwa kujibu mashtaka ya nidhamu, una haki ya kuingia na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama.

Jambo ambalo wengi hulisahau: andika jina lililo kwenye lebo unayoshonea. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, lebo na karatasi zilizotolewa kwenye kifusi zilisaidia kuonyesha nguo zilikuwa za nani. Nguo zetu nyingi huuzwa Marekani. Ndugu yako aliye huko anaweza kumwandikia mwenye lebo, akamtajia kiwanda na tatizo. Asimwambie aache kununua kwetu, maana hapo tutakaokosa kazi ni sisi. Amwambie asimamie malipo.

Barua isipojibiwa, nendeni Ofisi ya Kazi ya serikali, na baadaye Mahakama ya Ajira. Sheria inatoa miaka mitatu, lakini nendeni mapema, mashahidi wangali laini. Na ukiletewa karatasi inayosema umelipwa haki zako zote, usitie sahihi mpaka uilinganishe na daftari.