Kabla hujaenda kufuta waranti: kwa wenzangu wa Houston

Bwana mmoja jirani yangu, dereva wa lori, aliniletea bahasha iliyokuwa na kibandiko cha njano cha posta. Barua ilikuwa imezunguka kwenye anwani yake ya zamani kabla ya kumfikia, na hata ilipofika alidhani ni tangazo la bima, akaiweka juu ya friji. Tulipoifungua, siku aliyotakiwa kufika mahakamani ilikuwa imepita kwa siku 11. Kosa lenyewe ni mwendo kasi, tena kwenye gari lake dogo.

Wengi wetu huingia kwenye waranti, yaani hati ya kukamatwa, kwa njia hiyo. Hati ya aina hii haihitaji upelelezi wala mashahidi. Hakimu anaitoa kwa sababu hukufika au hukulipa. Kwa ile tiketi, karatasi ya kosa uliyotia saini barabarani, hukukiri kosa, uliahidi kufika. Baada ya hapo waranti inakaa kwenye kompyuta bila tarehe ya kuisha, mpaka siku polisi anakusimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua.

Kwa hiyo kwanza jua ni mahakama gani inayokutafuta, maana Harris County, kaunti yetu hapa Houston, si mlango mmoja. Tiketi ya polisi wa jiji huenda mahakama ya jiji. Tiketi ya askari wa kaunti au wa jimbo huenda kwa hakimu wa amani, zile tunazoziita JP, na ziko 16. Makosa yenye kifungo cha jela ya kaunti husikilizwa katika mahakama nyingine 16 za jinai, na makosa makubwa zaidi ya hapo yana mahakama zake. Tafuta kesi yako kwenye tovuti ya mahakama husika, lakini usitafute jina kwa namna moja tu. Askari aliandika alivyosikia au alivyosoma: jina la babu limekuwa la ukoo, "Mw" imekuwa "M", majina matatu yamebaki mawili. Na wale ambao kwenye kambi za wakimbizi waliandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, hakikisheni kesi ni yenu kweli. Mnaochangia tarehe hiyo ni wengi, na majina yetu yanafanana.

Ukishaijua mahakama, angalia daraja la kosa, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa kijiweni unapopoteza watu. Makosa ya daraja C, kama tiketi nyingi za barabarani, adhabu yake ni faini, kwa kawaida isiyozidi dola 500 bila gharama za mahakama. Kwa haya, nenda mwenyewe na uende mapema. Sheria ya Texas ilibadilishwa mwaka 2017: ukijitokeza kwa hiari kabla hujakamatwa, ukaonyesha nia ya kweli ya kumaliza jambo, hakimu anatakiwa aiondoe waranti ya kutofika. Daraja B ni jambo jingine, jela hadi siku 180, na daraja A hadi mwaka mmoja. Huko usiingie peke yako ukidhani utaomba radhi urudi nyumbani. Unaweza kuwekwa ndani hapo hapo. Tafuta wakili kwanza, aombe waranti ifutwe na dhamana yako ianze kufanya kazi tena. Kama ulitolewa na kampuni ya dhamana, ipigie kabla ya kwenda. Wakikubali kuendelea kukudhamini, kazi ya wakili inakuwa nyepesi.

Usikimbilie kulipa kwenye simu ili ulale usingizi. Kulipa tiketi Texas kunahesabika kama umetiwa hatiani. Jirani yangu alikuwa tayari ameshika kadi ya benki mkononi nikamwambia, "Kaka, ngoja." Mwenye leseni ya lori hapewi lile darasa la udereva la kufuta tiketi, hata kama kosa alilifanya na gari la familia. Na makosa mazito mawili ndani ya miaka 3 yanaweza kumweka nje ya barabara siku 60. Dola mia mbili tatu za leo zinaweza kula mshahara wa miezi miwili.

Kama huna pesa, sema huna, lakini sema kwa karatasi. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka hapa hapa Houston. Preston Tate alikuwa na faini za barabarani za dola 425, akashindwa kulipa, akapelekwa shamba la wafungwa akatumikie siku 85. Mahakama ikasema faini haigeuzwi kifungo kwa sababu tu mtu ni maskini. Beba hati za mshahara, mkataba wa nyumba, barua ya msaada wa chakula kama unaupata. Omba kulipa kidogo kidogo, au kazi ya jamii, ambayo saa 8 zinafuta angalau dola 100. Hakimu anaweza hata kusamehe sehemu au yote.

Mkalimani muombe siku kadhaa kabla, na usimbebeshe mtoto wa shule kazi hiyo. Taja lugha yako wazi. Nimeona karani akisikia Congo anaandika Kifaransa, na mama wa watu hajui Kifaransa zaidi ya bonjour. Hata Kiswahili kina wenyewe: mama yule, mtu wa Uvira huko Congo, aliulizwa na mkalimani wa pwani kuhusu "faini" akabaki anamtazama, mpaka mtu wa nyuma akanong'ona kwa Kiswahili cha kwao, "Amandi, mama." Hapo akajibu. Usipoelewa, inua mkono.

Kwa asiye raia, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri chochote na kabla ya kukanyaga jengo. Alama za vidole zinazochukuliwa jela ya kaunti hufika FBI, na kutoka huko hufika idara ya uhamiaji. Mwaka 2025 maofisa wa uhamiaji walikamata watu hata kwenye majengo ya mahakama katika miji mbalimbali ya Marekani. Sisemi usiende, maana waranti iliyoachwa ndiyo inayokupeleka kwenye zile alama za vidole. Nasema uende unajua hali ya makaratasi yako. Wakili wako wa jinai naye ana wajibu, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2010, kukueleza kama kukiri kutakufukuzisha nchini.

Akikupigia mtu anayejiita askari, anadai una waranti na ulipe sasa kwa kadi za zawadi za dukani, kata simu. Ni mwizi.

Ukimaliza, usiondoke dirishani bila karatasi inayosema waranti imeondolewa. Kompyuta ya polisi inaweza kuchelewa kupata habari. Uliza pia kama leseni yako ilizuiwa kuhuishwa, kwani kuna ada ya dola 10 kwa hilo na watu hulisahau. Na uwaachie anwani mpya hapo hapo, kwa maandishi. Kubadilisha anwani kwa idara ya uhamiaji, ambako wasio raia wana siku 10 tu, hakuiambii mahakama kitu, wala posta haiwaambii.

Jirani yangu alikwenda Jumanne asubuhi, wakili akiwa ametangulia. Walipangiwa tarehe mpya ya kuipinga ile tiketi, na waranti ikaondolewa. Karatasi yenye muhuri ameikunja mara nne, iko ndani ya kikasha cha dashibodi, na nakala nyingine mkewe ameibandika kwenye friji, mbele, kwa sumaku.