Kukarabati nyumba ya mawe Mji Mkongwe: anza na maji, tailizi baadae

Kila akinijia mtu ana nyumba ya zamani huku Mji Mkongwe, Unguja, anataka nimtajie bei ya tailizi na choo cha kisasa, mie namuuliza kwanza gata zako, mifereji ya maji ya paa, zikoje, basi ananitizama kama nimehama mada. Nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na udongo, kuta nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi, na ukuta wa namna hii haukatai maji, unayanyonya afu unayatoa wenyewe taratibu jua likiwaka. Ndo kupumua kwake huko. Ukiuziba unauua. Yote nitayosema hapa chini yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: karatasi

Jua nyumba ni ya nani kabla hujagusa jiwe. Nyengine ina warithi kumi na tano, mmoja yuko Muscat, mwengine Dar, mwengine hapokei simu. Kama ni ya wakfu nenda Kamisheni ya Wakfu. Afu kibali kutoka Mamlaka ya Mji Mkongwe, wapo tangu 1985 na mji wenyewe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hiyo usidhani utavunja ukuta usiku asubuhi mtu asione. Piga picha kila kona, hata zile mbovu, utazihitaji fundi akianza kubisha kwamba kidaka, kile kishubaka cha ukutani, hapa hakikuwepo.

Hatua ya 2: ikalie masika moja

Najua una haraka. Lakini mvua ya masika itakuonesha zaidi ya mimi, we zunguka na chaki nyumba nzima, kila penye alama ya maji piga duara uandike tarehe. Kwenye ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kwa jasi kipite juu ya ufa, huku na huku kishike. Kioo kikipasuka ufa unatembea, mwite injinia anayezijua nyumba za mawe. Kikibaki kizima mpaka vuli ipite, ufa wa zamani huo, umeshalala, utazibwa kwa chokaa.

Hatua ya 3: paa na gata

Hapa sina maneno mengi. Bati zilizotoboka toa, gata weka pana kuliko unavofikiria, bomba la maji lishuke mpaka chini kabisa liyatoe mbali na msingi. Bomba linaloishia ghorofa ya kwanza likamwagia ukutani ndo ugonjwa wa nusu ya nyumba ninazoitwa.

Hatua ya 4: boriti

Vyumba vyako vyembamba na virefu kwa sababu ya boriti za mikoko, urefu wa kubeba mzigo ni kama mita mbili na nusu hadi tatu basi, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Ndo maana siachi mtu avunje ukuta wa kati apate sebule kubwa, ule ukuta umebeba vichwa vya boriti pande zote mbili.

Boriti huoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, katikati ukiitizama unaiona nzima. Chukua bisbisi uichome karibu na ukuta, ikizama kama kwenye keki imekwisha hiyo. Kabla ya kuigusa weka mirunda chini, mistari miwili, na ubao juu yake. Sio masihara, Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani la 1883, iliporomoka Disemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafa. Toa boriti moja, weka mpya, ikaze kwa mawe na chokaa, ndo uende ya pili. Usitoe tano kwa pamoja eti kuokoa siku.

Na fundi akikwambia tubomoe sakafu yote tumwage zege la nondo, mwambie asante. Zege zito na gumu, ukuta wa chokaa unacheza cheza kidogo kila mwaka, vitu viwili hivo havielewani.

Hatua ya 5: plasta, hapa ndo penyewe

Nimejifunza kwa hasara. Nyumba ya kwanza niliyosimamia peke yangu ilikuwa ya shangazi, Kiponda, sebule ya chini plasta inamumunyuka, nami kwa ujuaji wangu nikaagiza saruji tukaipiga nzito mpaka juu, ikatoka safi kabisa shangazi akaniombea dua. Masika ya pili ukuta umevimba kama tumbo. Nikaugonga kwa kidole ukalia ko-ko, mtupu, nikachomeka mwiko ikaanguka sahani nzima ya saruji, na nyuma yake mawe yamelowa, udongo umekuwa uji, chumvi imekaa nyeupe kama sembe. Saruji yenyewe ilikuwa nzima haina hata ufa! Ukuta ndo uliooza. Shangazi hakusema kitu, alileta fagio tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Bandua saruji yote kwa nyundo na patasi, mashine inang'oa na mawe. Uache ukuta wazi ukauke, miezi, si wiki. Chumvi inayotoka isugue kwa brashi kavu, ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Chokaa nunua iliyozimwa zamani, ikakaa majimaji, inavokaa zaidi ndo inavokuwa laini kama siagi. Ukilazimika kuizima mwenyewe tia chokaa ndani ya maji, sio maji juu ya chokaa, inachemka kweli kweli na ikikurukia jichoni hakuna mzaha. Mchanga usiwe wa pwani kwa sababu ya chumvi. Mie napima karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga.

Lowesha ukuta, piga mkono wa kwanza wa plasta, unene usizidi sentimita moja, funika kwa magunia mabichi jua lisiugonge, kila ukipita nyunyiza. Ngoja kama wiki, ndo mkono wa pili. Fundi anayetaka kumaliza Ijumaa atakupa plasta yenye nyufa kama matope ya mtoni. Juu yake paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne tano. Rangi ya mafuta au ya plastiki hapana, ni saruji ile ile kwa jina jengine.

Hatua ya 6: choo, jiko, tangi

Vyoo vipangane, cha juu juu ya cha chini, na mabomba yote yapite sehemu moja unayoweza kufungua, uwani ndo pazuri. Tailizi za bafuni usizigandishe kwenye ukuta wa mawe, jenga kiukuta chepesi mbele yake uache nafasi ya hewa nyuma, tailizi zikae hapo. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kwa hiyo likae chini uwani na pampu, juu weka dogo ukitaka, likae juu ya ukuta sio katikati ya boriti.

Hatua ya 7: umeme

Waya wapite ndani ya bomba lililofungwa nje kwenye uso wa ukuta au kwenye kona za dari. Usichimbe mfereji wa kulala kwenye ukuta, unaukata kiuno. AC nazo, nimeona nyingi bomba lake la maji linadondokea ukutani mchana kutwa, mwaka mzima ni masika hapo. Lipeleke kwenye ndoo, umwagilie asumini.

Hatua ya 8: mlango

Wa nakshi usiupige msasa wa mashine, maua yanafutika kwa dakika mbili. Rangi ya zamani itoe kwa mkono, kijiti chembamba kwenye mikunjo, kitambaa na mafuta kidogo, na vanishi usipake. Shughuli ya wiki mbili hiyo, mie humpa kijana mwenye subira na redio. Na wakija wa kuununua, maana watakuja, waoneshe baraza wakae, wape kahawa, waende zao.