SOMO: Jinsi ya kufomati memori kadi ya simu bila kupoteza vitu vyako, na majibu ya maswali yenu

Mwangaluka wana Mwanza na wote mnaosoma, nimekaa niandike hili somo kwa sababu kila siku pale kibandani kwangu Kirumba anakuja mtu na memori kaishika kiganjani, anasema fundi nifomatie hii inasumbua, na mimi swali langu la kwanza siku zote ni lile lile, ndani kuna nini? Wengi wanajibu hamna kitu, nyimbo tu. Nikiipachika kwenye kompyuta nakuta picha za kipaimara cha mtoto, cheti kimepigwa picha, sauti ya marehemu baba. Kwa hiyo naanza na lililo zito, mengine yatafuata.

Ule ujumbe wa simu unaosema kadi imeharibika, gusa hapa uifomati, sio amri. Simu inakwambia tu kwamba imeshindwa kusoma orodha ya vitu vilivyomo, vyenyewe mara nyingi bado vipo.

Mwaka 2017 nilienda Ukerewe kumsalimia bibi mzaa mama, nikamrekodi video tatu akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa huku anaongea Kikerewe, anaeleza walivyokuwa wakivuka kwa mtumbwi enzi za usichana wake. Narudi mjini memori ikaanza kusumbua, nikampelekea fundi mmoja, simtaji, hakuniuliza chochote, akaifomati palepale halafu ili anifurahishe akanijazia nyimbo mpaka ikajaa. Bibi alishafariki mwaka ule ule. Baadae nilipojifunza hii kazi niliichukua ile memori nikaipitisha kwenye programu ya kurudisha faili, nikapata picha kumi na moja tu, video hata moja hamna, na picha moja nusu ya juu unaona kilemba cha bibi na paji la uso, kuanzia kwenye macho kushuka chini ni kijivu kitupu. Ninayo mpaka leo.

Sasa elewa kilichotokea. Kufomati kwa haraka hakufuti vitu, kunafuta orodha tu, kama mtu kachana ukurasa wa yaliyomo kwenye daftari, kurasa zingine zote bado zimeandikwa ila kadi inajiona tupu. Kilichoua video za bibi ni zile nyimbo, zilikuja zikaandikwa juu yake. Fundi angeishia kufomati bila kuweka kitu, nafasi ya kuzipata ingekuwa kubwa.

Haya twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Toa vitu vyako kwanza. Chomoa memori iweke kwenye kadi rida, kile kifaa kidogo cha kusomea kadi, chomeka kwenye kompyuta, kopi kila kitu sio DCIM peke yake, ile folda ya picha za kamera, maana kuna apu zinatengeneza folda zake pembeni. Huna kompyuta? Kama simu ina nafasi hamishia kwenye storeji ya simu, au azima simu ya ndugu. Ukimaliza usiridhike na kuona majina ya faili, fungua picha mbili tatu na video moja uhakikishe zinacheza kule ulikozipeleka. Na picha za WhatsApp kwa kawaida zinakaa kwenye storeji ya simu sio kwenye memori, kwa hiyo usishtuke usipozikuta.

HATUA YA 2: Safisha kadi. Hii watu wanairuka na mara nyingine ndio dawa yenyewe. Vijana wetu wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza na zile redio ndogo za memori, asubuhi wanashuka Mwaloni, soko letu la samaki, redio imerukiwa na maji, memori ina utando. Igeuze uangalie vile vidole vya rangi ya dhahabu, kwenye kadi ndogo ya simu viko nane, vikiwa vyeusi au vina ukungu chukua kifutio cha penseli, kile laini, sugua taratibu kwa kuelekea upande mmoja, pangusa na kitambaa kikavu. Usikwangue na wembe. Nimeshaona kadi tatu "zimekufa" zikafufuka kwa kifutio cha mtoto wa shule, hata kufomati hazikuhitaji.

HATUA YA 3: Fomatia kwenye simu, kama kadi itatumika kwenye simu hiyo hiyo. Hakikisha chaji ipo ya kutosha, simu ikizima katikati ya zoezi unajitafutia tatizo jipya. Nenda Setingi, halafu Storeji, gusa jina la memori, tafuta vidoti vitatu pale juu, utaona neno la kufomati. Simu hazifanani, zingine wameificha ndani ndani, ukishindwa kuiona rudi mwanzo wa setingi kwenye kile kisanduku cha kutafuta uandike SD, itakuletea.

Hapa ndipo simu nyingi za kuanzia Android 6, ile ya 2015, zinakuuliza swali ambalo watu wanajibu bila kusoma. Unataka memori iwe ya kubebeka au iwe sehemu ya storeji ya ndani? Chagua ya kubebeka. Ukichagua ya ndani simu inaifunga kadi kwa ufunguo ambao upo kwenye simu hiyo peke yake, ukiitoa ukaiweka kwenye simu nyingine au kompyuta haisomeki kabisa, na simu ikifa ndio basi. Kuna watu simu zao zina storeji ndogo sana hawana namna, sawa, ila ujue unachoingia, na picha za maana ziwe na nakala sehemu nyingine. Simu zingine hiyo opsheni hawajaiweka kabisa.

HATUA YA 4: Fomatia kwenye kompyuta kama simu imekataa, au kama kadi inaenda kwenye redio, sabufa au gari. Chomeka kadi rida, fungua sehemu inayoonyesha draivu zote, na HAPA TULIA, angalia ukubwa. Kama kadi yako ni ya GB 32 tafuta draivu inayoonyesha kama 29, ya GB 64 inaonyesha kama 59. Haujapunjwa, mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,073,741,824. Nasema tulia maana mtu akikosea akafomati draivu D yenye kazi zake za chuo, hapo memori imegeuka kuwa tatizo dogo.

Bofya kulia kwenye draivu ya kadi, chagua fomati, utaulizwa mfumo wa faili, yaani namna kadi itakavyopanga vitu vyake. Kadi ya GB 4 mpaka 32, zile zimeandikwa SDHC, weka FAT32. Ya GB 64 kwenda juu, zimeandikwa SDXC, weka exFAT. NTFS achana nayo, ni ya kompyuta, simu nyingi haziisomi. Tofauti kubwa ya kuijua ni kwamba FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi, ndio maana mtu anakuja na video ya harusi ya GB 6, memori ina nafasi ya GB 20 halafu inakataa kupokea, anadhani kadi mbovu kumbe ni huo mfumo. Ile sehemu ya ukubwa wa vipande iache kama ilivyo. Tiki ya kufomati kwa haraka iache kama kadi ni yako na utaendelea nayo, lakini kama unaiuza au unampa mtu itoe tiki, Windows itaandika sifuri kadi nzima, itachukua muda mrefu ila mtu hatokuja kufufua picha zako za faragha.

Mimi binafsi kwenye kompyuta napenda kutumia SD Memory Card Formatter, ni ya bure, inatolewa na SD Association, hao hao wanaotunga viwango vya hizi kadi, yenyewe inajua kadi ya ukubwa huu inatakiwa mfumo gani, na haigusi draivu za ndani ya kompyuta.

HATUA YA 5: Rudisha kwenye simu, piga picha moja, izime simu uiwashe, fungua ile picha. Ikifunguka rudisha vitu vyako.

MASWALI YENU

Mdau wa Igoma: Fundi nilinunua memori ya GB 128 kwa elfu nane pale mjini, simu inaonyesha 128 kweli, lakini nikiweka nyimbo za mwanzo zinacheza, za baadae zinaandika faili limeharibika. Nimefomati mara nne.

Jibu: Pole mkuu, hiyo ni feki, ufomati hata mara mia haitokuwa 128. Wanachukua kadi ndogo, tuseme ya GB 8, wanaidanganya ile akili ya kadi iseme ni kubwa, zikishajaa hizo 8 za kweli vinavyofuata vinapotea au vinaandikwa juu ya vingine. Shusha H2testw kwenye kompyuta, ni ya bure, inaijaza kadi yote halafu inasoma tena ilichoandika, mwisho inakwambia ukubwa halisi. Irudishe kwa aliyekuuzia ukiwa na hayo majibu kwenye skrini. Wengine wote mkinunua kadi kubwa, itesti siku hiyo hiyo kabla hujaweka kitu cha maana.

Mdau wa Sengerema: Kompyuta inaandika kadi imezuiliwa kuandikwa, haifomati wala haifuti.

Jibu: Angalia kwanza ile adapta kubwa unayoingizia kadi, ubavuni ina kitufe kidogo cha kusukuma, kikiwa upande wa kufunga ndio hivyo, kisukume. Ikikataa fungua diskpart, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows, ifungue kama msimamizi, andika list disk, iangalie kadi yako kwa ukubwa wake, halafu select disk na namba yake, halafu attributes disk clear readonly. Namba ya disk ihakiki mara mbili. Kama bado inagoma, au inakubali kufomati lakini ukiichomoa na kuirudisha vitu vya zamani bado vipo, hiyo kadi imefika mwisho wa maisha yake, imejifunga ibaki kusomwa tu. Mshukuru Mungu, kopi vyote haraka, ununue nyingine.

Dada wa Nyegezi: Folda zangu zote zimegeuka kuwa shotikati baada ya kupeleka memori steshenari kuprinti. Nifomati?

Jibu: Hapana dada usifomati, hivyo ni virusi na mara nyingi faili zako zipo zimefichwa tu. Usizibofye hizo shotikati. Kwenye kompyuta yenye antivirusi fungua ule ukurasa mweusi wa amri, kama kadi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze enta usubiri, folda zitatokea. Zikopi kwingine, ndipo uifomati kadi. Na steshenari tuma kwa imeili au nenda na flashi isiyo na kitu kingine.

Mdau wa Buhongwa: Sabufa langu linasoma GB 16 vizuri, nimeweka 64 kimya.

Jibu: Sabufa nyingi na redio za gari zinajua FAT32 tu, na 64 inakuja na exFAT. Ile fomati ya kawaida ya Windows kwa miaka yote imekuwa haikupi FAT32 kwa kadi ya zaidi ya GB 32, tumia programu ya Rufus itakukubalia. Ila kuna vifaa kikomo chake ni 32 hata ufanyeje, kwa nyimbo mkuu 32 inakutosha sana.

Mdau huyo huyo: Wabeja sana fundi.

Dada wa Nansio: Shikamoo fundi. Nimesoma habari za bibi yako imeniumiza. Simu imeniandikia jana kadi imeharibika ifomatiwe, sijagusa kitu. Ndani kuna picha za mama yangu, alifariki mwezi wa tatu, sina kwingine. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada, pole sana kwa msiba. Vizuri hujagusa. Zima simu, itoe kadi sasa hivi, usiirudishe kwenye simu yoyote kujaribu jaribu, kila simu inapenda kuandika vifolda vyake. Ukipata mtu mwenye kompyuta na kadi rida aangalie kama inafunguka, ikifunguka kopi vyote hapo hapo. Kompyuta ikisema inataka kufomati, bonyeza kataa. Inayofuata ni PhotoRec, inapita kadi kipande kwa kipande inatafuta picha bila kutegemea ile orodha, majina ya faili yatapotea lakini picha zinarudi, na lazima ziwekwe kwenye kompyuta, sio kwenye kadi hiyo hiyo. Sikuahidi zote, ila kwa hali uliyoieleza nina matumaini makubwa.

Dada wa Nansio: Huku sina mwenye kompyuta ninayemwamini. Nitapanda kivuko kesho nije Kirumba.

Jibu: Njoo dada, nitakusubiri, hiyo kazi silipishi. Kadi ifunge kwenye karatasi kavu, uiweke ndani ya kimfuko cha nailoni, ukae nayo mwenyewe mfukoni, usiiweke kwenye begi la mizigo.