Redio ya taarab na zilipendwa: pima usikivu na wateja kabla ya kusimamisha mnara

Mimi ni fundi mitambo wa redio, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Watu hunijia na wazo ninalolipenda kuliko mengine yote katika kazi hii: redio ya taarab asilia na muziki wa dansi wa zamani, bila singeli, bila Bongo Fleva. Tanga inastahili redio ya namna hiyo. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoimbia Bi Shakila, na ni mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nataka redio hiyo iwepo na idumu, ndiyo maana kila anayenijia namwambia afanye kwanza kazi hii ya kupima usikivu na wateja. Inataka nauli, betri, daftari na subira.

Anza na urefu wa antena. Watu hukimbilia kuuliza wati, lakini mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Yakikosa njia iliyo wazi hufifia haraka. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita za tambarare. Antena ya mita 36 inakupa 25 hivi, na ukiongeza 4 za redio iliyokaa mezani, mita moja kutoka sakafuni, unapata 29. Ya mita 100, pamoja na zile 4 za mezani, inakupa 45. Kwa mtu wa Tanga mjini hiyo ndiyo tofauti ya kukosa Pangani na kuifikia, angalau kwenye karatasi.

Wati ndizo zinazoamua mawimbi yatakuwa na nguvu kiasi gani ndani ya duara hilo. Kutoka 100 hadi 200 unapata desibeli 3 tu (desibeli ndicho kipimo cha kulinganisha nguvu ya mawimbi), na msikilizaji wa pembezoni hatasikia tofauti kubwa. Waya mwembamba unaopanda mnarani unaweza kuzila desibeli hizohizo 3, ukakuta mtambo wa wati 100 unafikisha 50 kwenye antena. Kwa hiyo nunua waya mzuri kwanza, mtambo mkubwa baadaye.

Wengine huniambia, basi tupande Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa hesabu ileile unavuka kilomita 120, unaingia Pemba. Ni kweli, lakini mabonde yaliyo nyuma ya migongo ya mlima yatabaki gizani, dizeli ya jenereta itapanda mlima kila wiki, na msikilizaji wa Pemba haji kununua kitambaa Barabara ya 12. Tena leseni ya maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hutolewa kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Usilipie mlima kama leseni yako ni ya wilaya.

Sasa kagua usikivu. Tafuta kituo kinachorusha kutoka mnara unaotaka kukodi, au mnara jirani wenye urefu unaokaribiana nao, kisha kifuate. Usitumie redio ya gari, kwa sababu antena yake iko nje na itakudanganya. Beba redio ndogo ya betri na simu ya kitochi yenye waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena yake na wasikilizaji wengi watakupata hivyo. Shuka kwenye daladala kila senta. Andika safi, chenga, au hakuna. Kisha omba kuingia ndani. Taarab husikilizwa jikoni, kwenye cherehani, saluni, kwenye baraza la nyuma ya nyumba, na ukuta wa tofali chini ya bati hupunguza mawimbi sana. Pale nje palipokuwa safi, ndani unaweza kukuta chenga tupu. Mimi huchora ramani mbili, ya barabarani na ya jikoni, na ninayoiamini ni ya jikoni.

Rudia ukaguzi usiku, hasa majira ya kaskazi. Hewa ya joto ikikaa juu ya bahari huyapinda mawimbi, na vituo vya Unguja na Mombasa huja mpaka huku. Redio ya FM ikipata vituo viwili kwenye masafa mamoja hushika chenye nguvu zaidi na kukimeza kingine. Msikilizaji wako wa mbali anaweza kuwa na wewe saa kumi jioni na saa tatu usiku akawa anasikia salamu za mji mwingine. Maeneo hayo usiyahesabu.

Hapa kuna jambo linaloipendelea redio ya zilipendwa kuliko redio nyingine yoyote. Rekodi nyingi za zamani, zikiwemo zile za Radio Tanzania, ni za mono. Ukizirusha kwa stereo huongezi chochote kwenye muziki, ila unaongeza chenga pembezoni, maana stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Katika viwango vya kimataifa vya kupangia vituo, stereo ya vijijini huhesabiwa kwa desibeli 54 za nguvu ya mawimbi na mono kwa 48. Desibeli 6 hizo ni sawa na kuongeza nguvu ya mtambo mara nne. Zima stereo kwenye kisimbaji cha mtambo, kile kifaa kinachoitengeneza, na ile ishara ya kilohezi 19 inayoiambia redio kuwa hii ni stereo isitoke kabisa, kisha nenda ukasikilize kijiji kilichokuwa na chenga. Utasikia violini imetulia na sauti ya mwimbaji imesogea karibu. Redio ya mezani yenye spika moja haipotezi kitu. Nawashauri wote wenye muziki huu warushe mono, na sijaona sababu ya kubadili ushauri huo.

Ukishajua duara lako la kweli, hesabu wanaolipa. Idadi ya watu wilayani haitakusaidia sana. Chukua mfano wa hesabu: gharama za mwezi ni shilingi 4,000,000, yaani umeme, dizeli, kodi ya mnara, mishahara, ada, na tangazo moja unaliuza 10,000. Unahitaji matangazo 400 kwa mwezi. Duka dogo likinunua 10, unahitaji maduka 40. Weka namba zako mwenyewe, halafu kaa na daftari uyataje hayo maduka kwa majina. Muziki huu una wateja wake: wauza khanga na vitambaa, wapambaji wa maharusi, kumbi, wapishi wa shughuli, wauza udi na marashi, mafundi cherehani. Wa simu na vinywaji watakuja baadaye, wasipokuja usife. Watu wetu walioko Muscat, Oman, watakusikiliza kwa intaneti na watakuandikia kwa mapenzi, ila mwenye duka la Muheza halipii masikio ya Muscat. Waombe wadhamini kipindi kimoja, lakini mwezi usiutegemeze kwao.

Kisha jaribu bila mnara. Nunua saa mbili za Jumamosi alasiri kwenye kituo kilichopo, upige muziki wako miezi mitatu, na uuze matangazo mwenyewe. Usihesabu simu za salamu, hizo hupigwa na walewale. Angalia duka lililolipa mwezi wa kwanza kama limelipa tena mwezi wa pili bila kubembelezwa. Likilipa tena, muulize mwenyewe ni wateja gani waliotaja redio, wanatoka kijiji gani, ulinganishe na ramani yako ya jikoni.

Ukiwa na orodha ya maduka yaliyorudia, nenda TCRA ukaulize masafa ya wilaya yako, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize mirabaha ya wanamuziki inalipwa wapi. Rekodi hizi zina wenyewe, na familia za wanamuziki hao tunaishi nazo mitaa hiihii. Malipo yao yaingie kwenye ile hesabu ya mwezi tangu siku ya kwanza, kabla hujaandika kodi ya mnara.